i7 inayoandika GHz 1.8: jinsi ya kuisoma kasi ya prosesa, kuiacha ijipandishe, na wakati wa kufanya ovakloki

Mtoto wa kaka yangu alinitumia picha ya skrini na ujumbe mfupi: "Shikamoo shangazi. Hii i7 niliyonunua ni feki? Imeandikwa 1.80, pembeni yake 1.99, na tangazo lilisema 4.0. Halafu nikitoa video inajikokota."

Nikamjibu: "Marahaba, mwanangu. Hujaibiwa. Namba zote tatu ni za kweli. Ila hilo la kujikokota niletee nilipime."

Mimi natengeneza picha za majengo ambayo bado hayajajengwa. Mteja ananipa ramani, namrudishia picha inayoonyesha sebule itakavyopigwa na jua saa kumi jioni. Picha moja inaweza kuishikilia prosesa (chipu inayopiga hesabu za kompyuta) kwa asilimia mia muda wa saa nzima, na video ya nusu dakika hula usiku mzima. Tangu 2011 nina daftari ninaloandika kila mashine niliyoifanyia kazi: kasi, wati, joto na muda uliotumika. Ninayoyaeleza hapa yanatoka kwenye daftari hilo, na nimeyapanga kwa utaratibu uleule niliomfundishia huyu kijana.

Namba tatu, chipu moja

Ndani ya kompyuta kuna mapigo, kama ngoma inayowapangia wachezaji hatua. GHz 1 ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Kwa GHz 3, kati ya pigo moja na jingine mwanga wenyewe unakuwa umesafiri sentimita 10 tu. Nimelijua hilo miaka mingi na bado linanishangaza.

Madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, hutoa mapigo ya kuanzia, kwa kawaida MHz 100, na prosesa huyazidisha. Namba inayozidishia inaitwa kizidisho. Kizidisho kikiwa 18, unapata MHz 1800, yaani GHz 1.8. Kikiwa 40, unapata GHz 4.0. Ukilishika hili umeshika karibu kila kitu, kwa sababu kasi ya msingi, kujipandisha na ovakloki (kuisukuma prosesa kwa mkono kupita kasi ya kiwandani) vyote vinahusu jambo moja: kizidisho kinachaguliwa na nani, na kwa masharti gani.

Prosesa ya kijana ni Intel Core i7-8550U. Ile 1.80 ni kasi ya msingi. Ni ahadi ya mtengenezaji kwamba viini vyote vinne, yaani sehemu za chipu zinazopiga hesabu, vikipewa kazi nzito, bila kupumzika, vitaishika kasi hiyo ndani ya wati 15, mradi upoozaji uwe mzima. Chipu hiyohiyo ina ngazi nyingine ambayo mtengenezaji wa laptopu anaweza kuichagua: wati 25, na kasi ya msingi GHz 2.0. Ndiyo hiyo Windows inayoionyesha kama 1.99. Ile 4.0 ni kilele, ambacho kiini kimoja au viwili hukifikia kwa muda. Viini vyote vinne vikifanya kazi pamoja, kilele ni 3.7.

Watu wengi hudhani kasi ya msingi ndiyo ya chini kabisa. Sivyo. Kompyuta ikiwa imetulia, prosesa hushuka hadi MHz 800 au chini zaidi ili isile umeme bure. Ukiiona imeshuka hivyo wakati hufanyi chochote, usishtuke.

Na usilinganishe GHz za chipu za vizazi tofauti. Pentium 4 ilifika GHz 3.8 mwaka 2004, na Intel ikaufuta mpango wake wa kutoa ya GHz 4 kwa sababu ya joto na umeme. Chipu ya leo ikienda kwa nusu ya mapigo hayo inaiacha mbali, kwa kuwa inamaliza kazi nyingi zaidi katika kila pigo, tena ina viini vingi. GHz zinafaa kuilinganisha prosesa na nafsi yake: jana na leo, ikiwa baridi na ikiwa moto, kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha.

Posho ya wati

Mwaka 2008, Intel ilipotoa Core i7 za kwanza, iliziwekea kitu ilichokiita Turbo Boost. i7-920 ilikuwa na kasi ya msingi ya GHz 2.66 na ilijipandisha hadi 2.93. AMD, mshindani wake, nayo ilileta Turbo Core mwaka 2010, kisha Precision Boost kwenye Ryzen za kwanza mwaka 2017. Pima jinsi pengo lilivyopanuka: i7-920 ilijiongezea chini ya MHz 300, lakini hii ya laptopu inatoka 1.8 hadi 4.0, zaidi ya mara mbili.

Sababu yake ni nzuri. Kazi nyingi za kompyuta ni mafungu mafupi: unafungua ukurasa, unahifadhi faili, unabonyeza kitufe na kusubiri nusu sekunde. Wakati huo viini vingi vimelala na posho yao ya wati haitumiki. Kiini kilicho macho kinaichukua posho hiyo, kinakimbia, kinamaliza na kulala tena.

Prosesa hukagua mambo kadhaa mara nyingi ndani ya sekunde moja: joto lake, wati inazokula, ampea zinazopita, volti inazohitaji, na idadi ya viini vilivyo kazini. Kisha huchagua kizidisho kikubwa kuliko vyote ambacho hakivunji kikomo hata kimoja. Kinachoamua ni kile kikomo kinachofikiwa mwanzo. Kwa hiyo mtu akinilalamikia kasi, swali langu la kwanza huwa hili: kikomo gani kinaishika sasa hivi? Hapo ndipo dawa inapotokea. Ukisafisha feni ya mashine inayoshikwa na wati, kasi haitabadilika karibu chochote. Ukiongeza wati kwenye mashine inayoshikwa na joto, unaipika zaidi.

Kwa Intel, vikomo vya wati ni viwili. PL1 ni kile cha muda mrefu, na kwa kawaida kinalingana na wati zilizoandikwa kwenye karatasi ya chipu. PL2 ni kikubwa zaidi, cha muda mfupi. Muda wenyewe unaitwa Tau, na kwenye laptopu nyingi ni sekunde 28. Ndani ya muda huo prosesa inaruhusiwa kuvuka PL1, ikihesabu wastani wa wati ilizokula. Wastani ukifika PL1, inarudishwa chini. Ndiyo maana majaribio ya sekunde kumi hudanganya. Mashine inapaa, unafurahi, unafunga programu, na hukuona kilichotokea dakika moja baadaye.

Kwenye kompyuta za mezani, watengenezaji wengi wa madabodi huviachia vikomo hivyo vikubwa mno au huondoa kabisa kile cha muda. Core i9-9900K imeandikwa wati 95, GHz 3.6 za msingi na 5.0 za kilele, lakini kwenye bodi nyingi hupita wati 95 kwa mbali na kubaki huko. Watu wawili wenye chipu moja wanapata matokeo tofauti, na kila mmoja anadhani mwenzake anatia chumvi. AMD hutumia majina mengine: PPT ni wati zinazoruhusiwa kupita kwenye soketi, TDC na EDC ni ampea. Ryzen 5 5600X imeandikwa wati 65 ila PPT yake ni 76.

Pima kabla ya kugusa chochote

Laptopu ilipofika niliichomeka chaja yake halisi, nikaiweka juu ya meza tupu, nikafunga kila programu. Fanya hivyohivyo. Usipime ukiwa kwenye betri, maana laptopu nyingi hupunguza wati zenyewe zikitoka kwenye chaja.

Pakua HWiNFO, programu inayoonyesha vipimo vya mashine, na uifungue upande wa vipimo pekee. Macho yako yawe kwenye mistari minne: kasi ya kila kiini, wati za prosesa nzima, joto la prosesa, na mistari inayosema kama kuna kikomo kilichoguswa. Ile grafu ya Task Manager inatosha kuona kwa harakaharaka, lakini haikwambii wati wala joto. Ukiwa kwenye Linux, amri ya turbostat hutoa karibu yote hayo kwenye jedwali moja.

Kisha fungua Cinebench, programu inayoipa prosesa kazi nzito ili kuipima, na uichagulie jaribio la viini vyote la dakika kumi. Andika vipimo kwenye sekunde ya 5, dakika ya 1 na dakika ya 10. Andika kwa mkono kama unaweza. Ukiandika, unazitazama namba kweli. Laptopu ya kijana ilitoa hivi:

Sekunde ya 5: GHz 3.6, wati 41, nyuzi joto 96
Dakika ya 1: GHz 1.9, wati 13, nyuzi 97
Dakika ya 10: GHz 1.4, wati 9, nyuzi 97

Tazama mstari wa mwisho. Kasi iko chini ya ile ya msingi, na wati 9 hazijafika hata kwenye 15. Joto ndilo limeganda juu. Hapa kasi ya msingi inakuwa na manufaa makubwa kuliko matumizi yake yote mengine: ni kipimo cha afya. Prosesa yenye kazi nzito, ikiwa kwenye chaja, haipaswi kuanguka chini ya kasi yake ya msingi. Ikianguka, usifikirie ovakloki wala mashine mpya. Kuna kitu kinaumwa, kitafute.

Ikianguka na joto likiwa juu, tatizo ni upoozaji. Ikianguka na joto likiwa chini, kwa mfano imekwama kwenye MHz 800 na nyuzi 50, tazama umeme: chaja yenye wati pungufu, chaja ambayo laptopu haiitambui, au kihisio kibovu kinachoipa prosesa habari za uongo kwamba kuna hatari. Nimeiona hii mara tatu. Mara mbili dawa ilikuwa chaja tu.

Nilifungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na mapezi ya hitisinki (chuma kinachoondoa joto kwenye chipu) palikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana kama kitambaa. Nilishika feni kwa kidole isizunguke, nikalitoa tabaka kwa kibano, nikapuliza kilichobaki. Kisha nikalegeza skrubu za hitisinki kidogo kidogo kwa mpangilio wa namba zilizoandikwa, nikaifuta pesti ya zamani ya kupitishia joto, iliyokauka, kwa alkoholi safi ya kusafishia, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mchele, nikakaza. Kazi ya dakika arobaini. Toa betri kwenye soketi yake kabla hujagusa chochote humo ndani, hilo usiliruke.

Sekunde ya 5: GHz 3.7, wati 43, nyuzi 79
Dakika ya 1: GHz 2.9, wati 25, nyuzi 81
Dakika ya 10: GHz 2.9, wati 25, nyuzi 83

Sasa kinachoishika ni wati 25, na joto lina nafasi. Kutoka 1.4 hadi 2.9 ni zaidi ya mara mbili, na hatujagusa mpangilio hata mmoja. Kijana alidhani nimeifanyia ovakloki. Nilichofanya ni kuirudishia kile ambacho tayari kilikuwa chake.

Mengine yanayosaidia nitayataja haraka. Inua nyuma ya laptopu ili feni ivute hewa. Kwenye kompyuta ya mezani, kipoozi kidogo kinachokuja na chipu mara nyingi ndicho kinachobana kasi. Kikubwa zaidi kinaipa Ryzen megahezi kadhaa bure. RAM iwe vijiti viwili kuliko kimoja, kwa sababu prosesa inayosubiri data inapiga mapigo ya bure.

Na kuna siku utataka kinyume chake: mashine iwe kimya na baridi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya prosesa, kuna asilimia ya juu inayoruhusiwa. Iweke 99 badala ya 100, na kwenye laptopu nyingi za Intel kujipandisha kunazimika kabisa. Kwenye Linux faili la no_turbo lililo ndani ya /sys/devices/system/cpu/intel_pstate hufanya kazi hiyohiyo ukiliandikia 1. Mimi naitumia hii ninapoandika barua na mikataba, feni inanyamaza.

"Basi sasa tuifanyie ovakloki, shangazi"

Hapana. Kizidisho cha i7-8550U kimefungwa kiwandani, na hata kingekuwa wazi, kikomo chake ni wati na ukubwa wa feni, na feni haikui kwa kuandika namba. Wakati mmoja njia nzuri kwa laptopu ilikuwa kupunguza volti ili kasi ileile ipatikane kwa wati chache. Mwishoni mwa 2019 watafiti walionyesha kwamba mlango huohuo wa volti unaweza kutumiwa kuvunja ulinzi wa ndani wa prosesa, udhaifu walioupa jina la Plundervolt, na laptopu nyingi zikafungiwa mlango huo kupitia masasisho ya BIOS (programu ya msingi ya madabodi, inayowaka kabla ya Windows). Tulijaribu kwenye hii yake, umefungwa.

Kwa kompyuta ya mezani habari ni nyingine. Soma jina la chipu kwanza. Kwa Intel unatafuta herufi K baada ya namba, na madabodi ya kundi la Z. Kwa AMD, Ryzen nyingi ziko wazi, ukiwa na bodi ya kundi la B au X. Bodi ya A320 haina ruhusa hiyo. Ryzen 7 5800X3D nayo imefungwa kizidisho. Ukikosa kimojawapo, ishia hapo na utumie nguvu zako kwenye upoozaji na RAM.

Ovakloki yenyewe ni wewe kukichukua kizidisho mkononi. Zamani watu walipandisha yale mapigo ya madabodi. Celeron 300A ya mwaka 1998 ilipendwa kwa sababu hiyo: kizidisho chake kilikuwa 4.5 kisichobadilika, basi la bodi (yale mapigo ya kuanzia) MHz 66, na ukilipeleka basi kwenye 100 unapata MHz 450 kutoka kwenye chipu ya 300. Tangu Sandy Bridge, kizazi cha chipu za Intel cha 2011, njia hiyo ni finyu, kwa sababu mapigo ya MHz 100 yanaongoza pia sehemu nyingine za mashine, na ukiyasogeza diski na USB zinaanza kuweweseka. Tunabaki na kizidisho.

Chipu yangu ya kwanza kuifanyia ilikuwa Core i5-2500K: msingi 3.3, kilele 3.7, na viini vyote vinne kwa pamoja 3.4. Nitakupa namba zangu, kwa sababu ndani yake kuna somo lote la umeme. Wati zinazoliwa na chipu inapofanya kazi huongezeka sambamba na kasi, na huongezeka kwa mraba wa volti. Kasi peke yake si ghali. Ila kila chipu ikifika mahali fulani haikubali kasi zaidi bila volti zaidi, na mraba ndio unaoumiza.

Nilianza na 3.4 kwa volti 1.20. Kazi yangu ya kipimo, picha moja ya ukumbi wenye madirisha mengi, ilichukua dakika 60. Kwa 4.4 nilihitaji volti 1.32. Piga hesabu: kasi imeongezeka kwa asilimia 29, volti mara mraba ni asilimia 21 zaidi, ukizidisha unapata wati asilimia 57 juu ya za mwanzo. Picha ilitoka kwa dakika 47. Kwa kipoozi kikubwa nilikubali. Kisha nikataka 4.6, nayo ikadai volti 1.40. Hapo wati zilifika asilimia 84 juu ya za mwanzo, na dakika zikashuka hadi 45. Dakika mbili kwa joto lote lile. Nikarudi 4.4, na mashine hiyo ikafanya kazi miaka minane.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Nakili faili zako muhimu kwingine, kwa sababu prosesa isiyo imara inaweza kuharibu kile inachoandika kwenye diski. Ingia BIOS, ziandike volti zilezile za mwanzo kwa mkono, pandisha kizidisho hatua moja kwa viini vyote. Hifadhi, washa, endesha Cinebench dakika kumi huku HWiNFO ikiwa wazi. Ikipita, panda tena. Ikijizima, ikiganda au ikileta skrini ya buluu, ama urudi hatua moja na kubaki hapo, ama uongeze volti kidogo, 0.02 kwa mkupuo, na ujaribu tena. Usiache volti kwenye "Auto" baada ya kupandisha kizidisho, maana bodi nyingi huongeza kuliko inavyohitajika. Weka mpaka wako wa volti na wa joto kabla hujaanza, ukiwa umetulia, kisha uuheshimu. Mimi joto langu la mwisho kwenye jaribio zito ni nyuzi 85. Volti zikizidi mno kwa muda mrefu, njia nyembamba ndani ya chipu huchakaa, na kasi iliyokuwa imara mwaka jana inaanza kuyumba.

Mashine ikikataa kuwaka kabisa, usiogope. Izime, toa waya wa umeme, kisha rudisha BIOS ilivyokuwa kwa pini mbili za madabodi zilizoandikwa CLR CMOS, au toa ile betri ya duara dakika chache. Itawaka kwa mipangilio ya kiwandani.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kupima kwa kazi yao wenyewe. Ile 4.6 yangu ilipita Cinebench, ikapita Prime95, jaribio jingine zito, kwa saa moja. Usiku nikaiachia video ya fremu 720. Asubuhi mashine ilikuwa inaendelea vizuri, haijazima, haijalalamika. Lakini fremu ya 212 ilikuwa na mraba mweusi kwenye ukuta, na ya 455 mwingine. Kuganda ni afadhali, kwa sababu unajua. Hesabu inayokosewa kimyakimya inaondoka na kazi ya mteja. Tangu siku hiyo hakuna kasi ninayoiita imara kabla haijamaliza usiku mbili kwenye kazi halisi.

RAM nayo ina ovakloki yake, na mara nyingi watu wameilipia bila kuiwasha. Kijiti cha DDR4 kilichoandikwa 3200 kitawaka kwa 2133 au 2400 hadi uende BIOS na kuwasha XMP, mpangilio wa kasi ambao kijiti kimekuja nao. Kwa DDR5 za AMD jina ni EXPO. Nilikuta mashine ya rafiki yangu imekaa kwenye 2133 miaka miwili. Tuliiwasha kwa dakika tatu.

Chipu za siku hizi

Leo watengenezaji wenyewe wanazisukuma chipu karibu na mwisho wake, na faida iliyobaki kwa mkono ni ndogo. Rekodi bado zinavunjwa, mwaka 2023 Core i9-14900KF ilivuka GHz 9 ikipozwa kwa heliamu kimiminika, lakini hiyo ni michezo ya dakika chache na haina uhusiano na kazi ya usiku kucha.

Tena kukishika kizidisho kwa mkono kunaweza kukupunguzia kasi. Mashine yangu ya sasa ina Ryzen 5 5600X: msingi 3.7, kilele 4.6. Ukiifunga viini vyote kwenye 4.4, kujipandisha kunazimika, na kile kiini kimoja kilichokuwa kikifika 4.6 unapofungua programu sasa kinaishia 4.4. Kazi ndefu itaenda vizuri, lakini kila kitu kidogo unachokifanya siku nzima kitakuwa kizito zaidi.

Kwa chipu za namna hii naiacha ijipandishe yenyewe, ila naipunguzia volti. Kwenye BIOS, ndani ya Precision Boost Overdrive, kuna Curve Optimizer. Ukiipa namba hasi, unaiambia prosesa kwamba kwa kila kasi inaweza kuridhika na volti pungufu kidogo. Wati zikipungua, posho inabaki, na prosesa inaitumia kupanda. Niliweka hasi 20 viini vyote. Kwa wati zilezile 76, kasi ya viini vyote ilitoka 4.35 hadi 4.5, na nyuzi tatu zikapungua.

Mtego wake uko mahali usipopatarajia. Majaribio mazito yote yalipita, kisha mashine ikajiwasha upya yenyewe saa tisa usiku ikiwa haifanyi lolote. Kazi nzito hushusha kasi na kuacha volti za kutosha. Kiini kimoja kinapoamka ghafla na kuruka hadi kilele ndipo upungufu wa volti unapouma. Fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute WHEA, yaani ripoti za makosa ya vifaa. Mara nyingi humtaja mhusika kwa namba. Kwangu namba hiyo ilielekeza kwenye kiini cha tatu. Nilikirudisha hasi 8 peke yake, vingine nikaviacha hasi 20, nikaiacha mashine ikiwa imewaka bila kazi usiku mbili, kisha usiku mbili ikiwa na kazi. Ukurasa huo wa daftari una tarehe nne na alama nne za vema, na chini yake nimeandika kasi: 4.5 viini vyote, 4.65 kiini kimoja, nyuzi 74.